Zawadi ya Kioo kwa Mkono Wako na kwa Mfuko Mdogo



Ndugu msomaji, muhula uliopita dada mmoja wa jumuiya yetu aliolewa wiki mbili kabla ya mitihani. Tulifurahi, kisha simu zikaanza kulia. Kundi la michango lilifunguliwa, na kila aliyetoa jina lake likaandikwa pamoja na kiasi chake mbele ya wote. Mwenzangu wa chumbani, ambaye alikuwa bado anadaiwa ada, alikopa kwa simu ili jina lake lisikosekane kwenye orodha. Mkopo ule wa siku chache ulimeza pesa aliyoiweka ya kumalizia ada. Asubuhi ya mtihani wa kwanza alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya fedha akiomba ahurumiwe, wenzake wakiwa ndani wanaandika. Alhamdulillah aliruhusiwa kesho yake, lakini ile karatasi ya kwanza ataifanya mwakani.

Simlaumu. Mimi mwenyewe nilijaribu kukopa usiku uleule, na kilichoniokoa si busara bali ni kwamba laini yangu ilikuwa mpya na haikukopesheka. Ndipo sisi watatu tuliobaki bila cha kutoa tukakaa kitandani na kuulizana: tuna nini? Tulikuwa na shilingi 40,000 kwa jumla, siku kumi na mbili, na mmoja wetu anasoma sanaa na ana msumeno. Tukaamua kutengeneza kioo cha ukutani.

Sote tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W) alihimiza kupeana zawadi kwa kuwa hujenga mapenzi, na kwamba aliwakataza wanawake kudharau zawadi ya jirani hata ikiwa ni kwato ya kondoo. Tunayajua haya, tunayasikia kwenye darsa, kisha tunaona haya kufika kwenye walima na kitu kisichotoka dukani. Kwa hiyo somo hili ni la ufundi, lakini nimeliandika nikiwa na huyo mwenzangu moyoni. Nitaeleza kila hatua na vipimo vyake ili usome leo na kesho uende sokoni.

Ukubwa gani unatosha?

Watu wengi hudhani kioo kikubwa ndicho kizuri. Hapa fizikia ya kidato cha pili inaokoa pesa. Kwenye kioo bapa, sehemu ya mwili unayoiona ni mara mbili ya urefu wa kioo, hata usogee mbele au urudi nyuma. Anayetaka kujiona kutoka utosini hadi unyayoni anahitaji kioo cha nusu ya kimo chake tu. Sisi tulichagua kioo cha sentimita 30 kwa 40. Fremu ikishafunika sentimita moja kila upande, inabaki nafasi ya 28 kwa 38. Urefu wa sentimita 38 unakuonyesha sentimita 76 za mwili wako, yaani kutoka utosini hadi chini kidogo ya kiuno. Kwa kufunga hijabu, kunyoosha kola ya kanzu au kuweka kofia sawa, hiyo inatosha kabisa.

Kwa wale wanaopenda kujua vitu vinatoka wapi: Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri na kufariki takriban mwaka 1040, alitenga sehemu tatu kati ya saba za Kitab al-Manazir kwa ajili ya mwanga unaorudishwa na vioo, vilivyo bapa na vilivyopinda. Vioo vya zama zake vilikuwa hasa vya chuma kilichosuguliwa. Hiki cha kwetu, bilauri nyembamba yenye utando wa fedha nyuma yake, kinatokana na kazi ya mkemia Mjerumani Justus von Liebig, aliyeonyesha mwaka 1835 namna ya kutandaza fedha juu ya bilauri kwa kemikali. Shika jambo hili la utando wa fedha, maana ndilo lililoniharibia kioo changu cha kwanza, na nitalirudia.

Pesa iende wapi

Kosa la wanaoanza ni kumaliza pesa kwenye mapambo: shanga, maua ya plastiki, rangi ya dhahabu ya kupuliza. Kisha wananunua kioo cha bei ya chini kabisa na nyuma wanaweka boksi. Mimi nasema geuza. Pesa nyingi iende kwenye kioo chenyewe na mgongo wake. Sisi tulitumia 16,000 kwa kioo, 7,000 kwa plaiwudi na mabaki ya mbao, 6,000 kwa msuko wa ukindu, 8,000 kwa gundi, msasa na kopo dogo la vanishi, na 2,500 kwa skrubu na pete za kutundikia. Zikabaki 500. Usizichukue kama bei za soko. Ulimi wako na siku uliyokwenda vina neno lao. Chukua mgawanyo tu.

Kioo nunua kwa fundi anayekata vioo vya madirisha, si duka la mapambo. Fundi wa namna hii hubaki na vipande baada ya kukata vikubwa, na kipande cha 30 kwa 40 kwake ni mabaki. Mwambie wazi unataka kioo cha kujitazamia chenye unene wa milimita 3. Uzito wake unaweza kuujua kabla hujakibeba: kila milimita moja ya unene ina kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba. Chetu kina eneo la mita za mraba 0.12, kwa hiyo ni gramu 900. Kingekuwa cha milimita 5 kingefika kilo moja na nusu bila faida yoyote kwa ukubwa huu.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Simama mbele yake na utazame ndani yake mstari ulionyooka, kama ukingo wa mlango au nguzo ya umeme, kisha tikisa kichwa polepole. Mstari ukicheza kama uko ndani ya maji, kioo hicho kimepinda, kiache. Pili, kigeuze utazame rangi ya mgongoni. Ikiwa na mkwaruzo, hapo ndipo weusi utakapoanzia. Kisha kielekeze juani ukiwa nyuma yake: vitone vya mwanga vikipenya, fedha imeshatoboka. Yule fundi wetu alituona tunafanya hivi akacheka, "Ssebo, hawa wamekuja kuoa au kununua?" akimwambia msaidizi wake. Lakini alitutolea kipande kingine.

Mwombe pia asugue kingo nne kwa jiwe. Ni kazi ya dakika tatu. Kingo ambazo hazijasuguliwa hukata vidole, na nyufa nyingi huanzia hapo. Usijaribu kukata kioo mwenyewe bwenini kwa sababu tu umeona video.

Mbao tulizipata Ndeeba. Pale karakana ni nyingi na mabaki ya paini hurundikwa mlangoni, mengine huuzwa kama kuni. Tafuta vipande vya unene wa sentimita moja na upana wa sentimita 6, vikavu na vilivyonyooka. Ukitaka kujua kama kimenyooka, kiinue kwenye jicho moja kama unayelenga shabaha. Kama kinanukia ubichi na ni kizito kuliko wenzake, kiache, kwani kitajikunja kikiwa tayari ukutani kwa watu. Mvule na mahogani ni nzuri lakini si za mfuko wetu, na kwa fremu ambayo itafunikwa ni israfu.

Ukindu au lubugo?

Hapa tulibishana siku nzima. Rafiki yetu wa sanaa alitaka lubugo, ile nguo ya gome la mutuba ambayo Baganda wameitengeneza kwa karne nyingi. Hoja yake ilikuwa nzito. Gome la ndani huchunwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao hadi likalainika na kuwa na rangi ya udongo wa kuchoma, na UNESCO iliutangaza ufundi huu mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa wanadamu. Juu ya fremu linapendeza sana, na maduka ya kazi za mikono hapa Kampala yamejaa vioo na madaftari yaliyovikwa lubugo.

Lakini lubugo pia ni sanda ya wafu katika mila ya Buganda, na lina nafasi yake kwenye masabo. Bibi harusi wetu ni wa Masaka na bibi yake yu hai. Tuliogopa zawadi ya nikaha isije ikamkumbusha jjajja kaburi. Sisemi kwamba lubugo ni haramu. Hilo si langu, na wapo Waislamu wengi wanaolitumia bila shida. Nasema zawadi hupelekwa kwa mtu, na mtu ana jamaa zake. Kama hujui watalionaje, uliza au chagua kingine. Tulichagua kingine.

Tulichagua ukindu. Kila mmoja wetu amekulia juu ya mkeka, na mkeka wa Uganda na wa pwani ni ndugu: ni majani ya mkindu yaliyochanwa, yakatiwa rangi na kusukwa. Wengi hawatambui kwamba mkeka hausukwi mzima mara moja. Husukwa kwanza ukanda mrefu mwembamba, ambao watu wa pwani huuita ukili, kisha ukanda huo hushonwa upande kwa upande hadi upana utimie. Sisi tulihitaji ukanda tu. Mama mmoja mzee anayeuza mikeka sokoni alitutazama kwa mashaka.

"Jjajja, tunataka msuko tu, haujashonwa."

"Wanangu, mkeka nusu mtaulalia vipi?"

Tulipomweleza, alitukatia mita mbili na nusu za zambarau na nyeupe, akatuongeza kipande kidogo cha kijani "cha bibi harusi". Mzunguko wa fremu yetu ni sentimita 180, na pembe nne zinahitaji ziada ya kukunja, kwa hiyo mita mbili na nusu ndiyo salama. Kama upana wa ukanda uliopata ni sentimita 3, nunua mara mbili yake na uzilaze mbili mbili. Na kama mna mkeka mzee nyumbani uliochakaa katikati, kingo zake mara nyingi bado ni nzima. Fumua uzi utumie huo, usinunue chochote.

Kuunda fremu

Fremu hii ina tabaka tatu, na ukizielewa huhitaji kujua useremala. Mbele kuna mbao za paini zinazoonekana. Katikati kuna vipande vya plaiwudi ya milimita 4 vinavyozunguka kioo kama ua. Nyuma kuna ubao mmoja mzima wa plaiwudi ya milimita 6 unaofunga kila kitu. Kioo kinakaa kwenye shimo la katikati, kimebanwa mbele na nyuma, na hakigusani na gundi hata tone.

Ubao wa nyuma ni sentimita 40 kwa 50. Mbao za mbele ni nne, zote za upana wa sentimita 6: mbili za urefu wa 50, na mbili za urefu wa 28 zinazoingia katikati ya zile ndefu, juu na chini. Hukati pembe za nusu mraba. Ncha zote ni za mraba, na kwa kuwa ukindu utafunika maungio, hakuna atakayejua. Vipande vya katikati vina upana wa sentimita 4.8: viwili vya urefu wa 50 na viwili vya urefu wa 30.4. Mbona si 5 kamili? Ili kioo kibaki na mwanya wa milimita 2 kila upande. Mbao huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, kioo hakifanyi hivyo, na fremu isiyo na mwanya hukipasua usiku wakati kila mtu amelala.

Laza mbao nne za mbele kifudifudi juu ya meza yenye gazeti. Zipange, kisha pima mshazari: kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu ule mwingine. Kwa fremu ya 40 kwa 50 mishazari yote miwili iwe sentimita 64. Ikiwa mmoja ni 63 na mwingine 65, fremu imelala upande; isukume taratibu kwenye pembe ya mshazari mrefu hadi ilingane. Usiache hatua hii ukidhani macho yanatosha. Fremu iliyopinda milimita chache haionekani ikiwa mezani, lakini ikitundikwa karibu na mlango inapiga kelele.

Sasa paka gundi nyeupe ya mbao kwenye vipande vya katikati na uvilaze juu ya mbao za mbele, kingo za nje zikiwa sawasawa. Zile nguzo mbili ndefu za katikati zilaze juu ya zile ndefu za mbele. Maungio hayaangukii mahali pamoja, kwani ya mbele yako sentimita 6 kutoka ukingoni na ya katikati 4.8, na hilo tu linaipa fremu nguvu. Pima mshazari tena kabla gundi haijashika. Kisha weka uzito. Vibanio vya seremala hatukuwa navyo. Tulitumia vitabu vya sheria vya jirani, ambavyo hatimaye vilipata kazi. Acha saa 24. Ukiwa na haraka ukainua baada ya saa mbili, utaanza upya.

Ikishakauka, piga msasa kingo zote na upake rangi nyeusi au kahawia kwenye ukingo wa nje na ule wa ndani unaotazama kioo. Ukingo wa ndani usiusahau: kioo kitauonyesha mara mbili.

Kuvika ukindu ni kazi ya jioni moja. Ukanda mkavu ukiukunja unakatika, kwa hiyo pitisha kwanza kitambaa kibichi mahali pa pembe na usubiri dakika chache. Anza katikati ya ubao wa chini, ambako maungio hayatazamwi sana. Paka gundi kipande kwa kipande, bonyeza, na kwenye pembe kunja ukanda kama unavyokunja bahasha, uelekee upande mwingine. Shona mikunjo kwa uzi mmoja au miwili kama una sindano kubwa, maana gundi pekee hapo huachia. Kisha acha siku mbili nzima kabla ya vanishi. Unyevu ukifungiwa ndani utatafuta pa kutokea, na utatokea kwenye mgongo wa kioo. Vanishi ni mikono miwili myembamba, usiku kati yake, na kama ni Aprili au Novemba, mvua zikiwa zimepamba moto, ongeza siku. Fungua dirisha, chumba cha bweni kikijaa harufu ya vanishi mtalala na vichwa vinauma.

Kioo changu cha kwanza

Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilimtengenezea mama kioo. Nilikibandika kwenye ubao kwa silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki. Kilipendeza. Baada ya miezi michache mama akaniambia kwa upole kwamba kimeanza "kuota ndui". Weusi ulikuwa umejitokeza pale pale nilipoweka matone ya silikoni, na ukawa unatambaa.

Ile harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka silikoni inapokauka. Ikinaswa kati ya ubao na kioo haina pa kwenda, inapenya rangi ya mgongoni na kuila fedha. Ipo silikoni isiyo na asidi, na mafundi wazuri wa vioo wanaiweka. Kama muundo wako unalazimu kubandika, iulizie hiyo na usikubali nyingine. Lakini mimi tangu hapo sibandiki kioo kabisa. Kilichobanwa na fremu kinaweza kutolewa, kikafutwa, na kikivunjika kikawekwa kingine bila kuharibu kazi ya mikono yako. Mama bado amekitundika kile chenye ndui sebuleni na hakubali nikibadilishe. Kila ninaporudi nyumbani nakikuta kinanitazama.

Kufunga na kutundika

Vanishi ikikauka, laza fremu kifudifudi juu ya taulo. Futa uso wa kioo, kiteremshe kwenye shimo lake, uso chini. Kioo ni milimita 3 na shimo ni 4, kwa hiyo juu yake laza karatasi ngumu kavu ya unene wa milimita moja hivi ili kisitikisike. Kisha ubao wa nyuma.

Sasa hesabu. Nyuma ni milimita 6, katikati 4, mbele 10: jumla 20. Skrubu ya milimita 20 itachungulia kwenye ukindu. Nunua za 15 au 16. Toboa kwanza kwa msumari mwembamba, na skrubu zote ziwe ndani ya sentimita 4 kutoka ukingo wa nje. Ukisogea zaidi ya hapo uko juu ya kioo, na sauti utakayoisikia hutaisahau. Nane zinatosha: mbili kila upande. Gundi usiweke.

Pete mbili za kutundikia zikae kwenye ubao wa nyuma, kulia na kushoto, theluthi moja kutoka juu, yaani sentimita 16 au 17. Nazo pia ziwe ndani ya zile sentimita 4 za ukingoni. Kamba itakayoziunganisha usiikaze kama waya wa gitaa. Kioo chetu kizima kilikuwa na kilo mbili na ushei. Kamba ikilegea hadi kila upande ufanye nyuzi 30 na mlalo, kila upande wa kamba unabeba uzito ulio sawa na wa kioo chenyewe. Ukiikaza hadi nyuzi 10, mvuto unafika karibu mara tatu, kilo sita na zaidi, na pete ndizo zitakazong'oka. Wanafunzi wa uhandisi wataniambia hili ni la wiki ya kwanza. Basi mbona vioo vingi huanguka kwenye vyumba vyao?

Kuhusu maandishi, tulishauriwa tuandike aya kwenye fremu. Tulikataa. Kioo cha kujipamba huhamishwa, leo sebuleni, kesho karibu na bafu, na jina la Allah halifai kufuatana nacho huko. Wala hatukuchora ndege au sura. Ukitaka pambo zaidi ya msuko, nyota ya pembe nane inatosha, miraba miwili iliyopandana, mmoja ukigeuzwa nyuzi 45. Ule ukindu wa kijani wa jjajja tuliukata nyota nne za namna hiyo, moja kila pembe, na ndizo zilizosifiwa kuliko kazi yote.

Mwambie atakayepokea asikitundike ukuta wa kibla, hasa kwenye chumba kimoja cha kupanga ambako watu huswali na kulala hapohapo. Kujiona ukirukuu kunatoa moyo kwenye swala. Kwa sisi wa Kampala kibla ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki, basi kuta tatu nyingine ziko wazi. Na urefu wake: ukingo wa juu wa kioo uwe kati ya macho na utosi wa mtumiaji. Kwa mtu wa sentimita 160 ni takriban 155 kutoka sakafuni. Mume na mke wakipishana sana kimo, pimeni kwa mfupi, mrefu atainama.

Kukifikisha

Usikipande nacho kwenye boda boda. Najua utasema umeshaona watu wamebeba mlango mzima. Wewe usibebe kioo. Kifunge kwa gazeti, kisha boksi pande zote mbili, kisha leso au kanga juu, na ukibebe kikiwa kimesimama, kamwe si kimelala mapajani. Kwenye teksi kaa kiti cha nyuma na ukiegemeze kati ya magoti. Sisi tulilipia abiria wa nne ambaye ni kioo, na kondakta akatutania mpaka Kibuli.

Nyuma ya ubao tuliandika kwa kalamu majina yetu matatu na tarehe ya nikaha kwa Hijria na kwa Miladia. Yule mwenzetu wa chumbani alikuja chumbani usiku ule wa kuandika akatukuta, akasimama kidogo, akauliza kama kuna nafasi ya jina la nne. Ubao ulikuwa na nafasi. Yeye ndiye aliyeshona mikunjo ya pembe mbili za chini.

Jambo la mwisho ni bahasha. Bandika nyuma ya ubao bahasha ndogo yenye skrubu mbili ndefu za ukutani na plagi zake za plastiki, kwa kuwa msumari mtupu kwenye plasta ya nyumba zetu haushiki kilo mbili kwa muda mrefu. Sisi hatukuiweka. Bwana harusi alilazimika kurudi hadi Wandegeya jioni ile ya walima, akiwa bado na kanzu yake nyeupe, kutafuta plagi za shilingi mia chache.